Pesa Iliyokatwa Kwa Slipu Yako Si Ya Kaunti

(Niliyasema haya kwa mkutano wa wafanyakazi wa afya hapa Kisumu. Nimeyaandika vile yalitoka mdomoni, nimetoa tu pale nilikohoa.)

Hamjambo wenzangu. Wale wametoka Siaya, Busia na Vihiga poleni na barabara, na nyinyi wa Kondele na Nyalenda hapa hapa mjini mmefika nyuma ya mtu wa Busia, sijui mtajitetea aje. Nimeambiwa nina dakika 20. Lakini huyu emsii wetu ni mtoto ambaye mimi mwenyewe nilimpokea akizaliwa, nikamkata kitovu, kwa hivyo sidhani ataweza kunikata mimi maneno.

Nimekuja na huu mkebe. Mnaouona. Ni mkebe wa biskuti za Krismasi lakini ndani hakuna biskuti, watoto wangu walijua hivyo zamani wakaacha kuufungua. Ndani kuna slipu zangu za mshahara, zote, kutoka zile za kwanza za karatasi ndefu yenye matundu pembeni hadi hii ya mwisho nilijiprintia saiba siku nikistaafu. Mume wangu alikuwa ananiuliza, kwani mama unaweka hizi karatasi zitazaa? Nikamwambia ngoja.

Sasa sikizeni. Mwaka 2016 nilikuwa night, wodi ya akina mama, usiku ulikuwa mbaya, nimefika nyumbani saa tatu asubuhi nikajitupa kitandani na soksi. Simu ikalia. Ni msichana wa benki, sauti tamu kabisa, ananiita madam, ananiambia mkopo wako haujalipwa miezi mitatu na tukikosa kuelewana jina lako linaenda CRB, kule wanaandikwa wasiolipa mikopo. Nikamwambia mwanangu, umekosea namba, mimi nakatwa kila mwezi. Akanisomea majina yangu yote matatu. Nikaamka. Nikafungua huu mkebe hapo juu ya kitanda, nikatoa Januari, Februari, Machi, na kila slipu iko wazi kabisa, mkopo wa benki umekatwa, na chini kabisa kile kidogo kimebaki cha kupeleka nyumbani.

Nikaenda ofisi ya HR, ya wapi sitasema, na yule kijana wa pale alikuwa na adabu, alinipa kiti. Akaangalia kompyuta, akaniambia, "Ni kweli mama, tulikata, lakini hatujapeleka, unajua pesa haijatoka Nairobi." Nikamuuliza, mwanangu, kama pesa haijatoka Nairobi hii mlikata mlikata kutoka wapi? Akanyamaza. Mpaka leo hajanijibu.

Hilo swali ndilo nimekuja nalo leo, mengine yote nitasema ni ya kulizunguka tu.

Manake sisi watu wa afya tumezoea kuchanganya vitu viwili. Kuna pesa tunaomba na kuna pesa tayari ni yetu. Promosheni, nyongeza, marupurupu ya hatari, pesa ya uniform, hiyo tunapigania, tunajadiliana, tunaenda mgomo, na kaunti inaweza kusema tunatafuta, tuvumilie. Sawa. Lakini pesa imekatwa kwa slipu yako, ya NSSF, ya SHIF ile bima ya afya, ya pensheni, ya SACCO, ya HELB ule mkopo wa masomo, ya mkopo wa benki, hiyo si bajeti ya mtu. Hiyo umeshaifanyia kazi, umeshalipwa, halafu mwajiri ameishika kwa mkono akisema atakupelekea mahali. Asipoipeleka hajakosa pesa, ametumia yako. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 19 haizunguki hapo, inasema mwajiri akikata pesa lazima ailipe kwa wakati na kwa njia sheria inayohusika inataka, na asipofanya hivyo ni kosa ambalo linaweza kumpeleka mtu jela. Si kosa la kuandikiwa barua ya samahani.

Chukua SHIF. Ni 2.75% ya mshahara wako wote kabla ya makato, kwa hivyo mtu wa 60,000 anakatwa 1,650. Hiyo inafaa ifike SHA, wale wanasimamia hiyo bima, tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Isipofika, wewe nesi uliyevaa nguo nyeupe, unaleta mtoto wako hospitali ile ile unafanya kazi, unawekwa kwa dirisha unaambiwa sista, hapa inaonyesha hujalipa. Mbele ya watu unawahudumia kila siku! Nimeona hiyo kwa macho. Yule mama hakulia, alicheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya kuliko kilio.

Sasa wacha niwe mkweli kwa upande wa kaunti pia, manake siko hapa kutukana mtu na najua kuna waheshimiwa wawili MCA, wa bunge la kaunti, wamekaa pale nyuma wakijifanya ni wageni wa kawaida. Karibuni waheshimiwa.

Hii afya ilishushwa kwa kaunti 2013. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipatia kaunti hospitali, zahanati, ambulensi, yote hayo, na ikawachia Nairobi sera na hospitali kubwa za rufaa. Kabla ya hapo mwajiri alikuwa mmoja, Wizara ya Afya pale Afya House, ukiwa na shida unapanda basi usiku unafika Nairobi asubuhi unapanga laini. Ilikuwa taabu lakini ulijua mlango ni upi. Baada ya 2013 tukawa na waajiri 47, wengine walipokea faili zetu zikiwa kwa magunia, na sio mchezo, faili la mwenzangu lilipatikana limeliwa na panya kurasa za katikati, miaka yake saba ya kazi panya amekula. Halafu pesa ya mgao kutoka Hazina mara inachelewa mwezi, mara miwili, mara mitatu, na hilo ni kweli, gavana si mwongo akisema hivyo. Na kuna ile kanuni ya fedha ya kaunti ya 2015 inasema mishahara yote isipite 35% ya mapato ya kaunti. Kaunti nyingi zimepita hapo kitambo. Kwa hivyo ukiuliza mbona sijapandishwa daraja tangu 2014, unaambiwa asilimia mama, asilimia haituruhusu.

Nakubali. Kwa promosheni, hayo mazungumzo yapo, tukae tuongee. Lakini hakuna asilimia ilisema ukate pesa ya mtu halafu usiipeleke. Hiyo 35% haihusiani kabisa, manake pesa iliyokatwa iko tayari ndani ya hiyo hesabu ya mishahara, imeshahesabiwa, imeshaombwa, imeshaidhinishwa. Mtu akikujibu swali la makato na jibu la asilimia, jua anakupeleka Ahero ukitaka kwenda Maseno.

Nikupatieni kituko kidogo. Binti ya dada yangu ni nesi Uingereza, anafanya kazi wodi moja na Wafilipino, na hao wamejaa hospitali za huko. Siku moja wakaanza kulinganisha nyumbani. Wafilipino wakamwambia sisi kwetu tuko na sheria nzima ya wafanyakazi wa afya wa umma, Sheria ya Jamhuri namba 7305 ya 1992, wanaiita Magna Carta yao. Imeandika kila kitu. Marupurupu ya hatari, angalau 25% ya mshahara wa msingi kwa wale wa daraja la mshahara la 19 kushuka chini, 5% kwa wa daraja la 20 kwenda juu. Ukitumikia miaka mitano mfululizo na kazi yako ni nzuri unaongezwa 5%, na tena mitano mingine tena 5%. Pesa ya chakula. Hata pesa ya kufua uniform iko ndani ya sheria, peso 125 kwa mwezi, ni kidogo lakini imeandikwa! Binti yangu akasema ai, nyinyi mko mbinguni, mnatafuta nini huku kwa baridi?

Wakacheka. Kumbe mwaka mmoja kabla ya hiyo sheria, 1991, walikuwa wamepitisha sheria ya serikali za mitaa, nayo ikashusha afya kwa mikoa na manispaa, vile tu sisi tulikuja kufanya 2013. Na hiyo sheria ya mitaa ina asilimia yake, mishahara isipite 45% ya mapato kwa zile zenye uwezo na 55% kwa zile maskini. Kwa hivyo mkono mmoja umekuandikia haki, mkono wa pili umefunga mfuko, na nesi wa manispaa maskini akiuliza anaambiwa, asilimia sista. Anaambiwa na mtu hajawahi kufika Kisumu! Nilivyosikia hiyo nilikaa chini. Nilikuwa nimefikiria hiyo lugha imetengenezwa hapa kwetu.

Lakini hapo pia kuna kitu nataka muone. Kwa sababu kiasi kimeandikwa ndani ya sheria, yule nesi Mfilipino ananyimwa akijua kabisa ananyimwa ngapi. Anaweza kuchukua kalamu akapiga hesabu ya miaka 10. Sisi marupurupu yetu mengi yako kwa barua na waraka na ile karatasi ya kurudi kazini baada ya mgomo. Mnakumbuka madaktari walikaa nje siku 100 kutoka Desemba 2016, halafu sisi manesi tukatoka Juni 2017 mpaka Novemba, karibu siku 150, mimi nilikuwa huko, niliuza mboga. 2024 madaktari tena, siku 56. Kila mara tunarudi na karatasi imesainiwa, tunaimba, tunaibusu, halafu nani anaangalia mwezi wa pili kama imetekelezwa? Hakuna. Kila mtu amechoka anataka mshahara tu uingie.

Sasa nije kwa sindano, na hapa naomba vijana mnisikize zaidi.

Kuna sista mmoja tulifanya naye kazi, kituo kidogo, usiku, stima zimepotea na jenereta haina mafuta. Mama amejifungua, amechanika, anavuja, sista anashona na mwangaza wa simu, simu ameishika mlinzi wa geti ambaye amegeuza uso upande ule mwingine kwa heshima, kwa hivyo mwangaza nao umegeuka. Sindano ikaingia kidole. Aliniambia hakusikia uchungu, alisikia baridi. Akamaliza kushona kwanza. Halafu ndio akaenda kwa ndoo akanawa na sabuni na maji mengi, asubuhi akaanza dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo lazima uanze kabla ya saa 72 na unameza siku 28, na zile siku 28 alitapika kama mjamzito na bado anakuja kazini. Mungu alimsaidia, vipimo vikatoka vizuri.

Lakini hakuna mtu aliandika popote. Hakuna kitabu, hakuna fomu. Inchaji, mkuu wa kituo, alimwambia pole. Sasa fikiria vipimo vingetoka vibaya.

Kuna sheria inaitwa ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya 2007, wengi mnaijua kama WIBA. Inamlazimisha mwajiri kuwa na bima ya kukufidia ukiumia ama ukiambukizwa ugonjwa kwa sababu ya kazi, na sio nesi na daktari tu, hata yule mama wa usafi anayechomwa na sindano mtu amerusha ndani ya taka za kawaida. Ulemavu wa kudumu kabisa, ama kifo, hesabu ni mshahara wa miezi 96. Mtu wa 60,000 hiyo ni 5,760,000. Lakini hiyo pesa inaanzia kwa ripoti. Wewe umwambie mwajiri, yeye amjulishe mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na dai lako likikaa zaidi ya miezi 12 bila kupelekwa umejifungia mlango mwenyewe. Yule sista wetu alikuwa amebakisha fomu moja tu kati yake na haki yake yote, na hiyo fomu ilikosekana kwa sababu watu waliona aibu kumsumbua inchaji saa tisa usiku.

Mnakumbuka Desemba 2020, yule daktari kijana wa miaka 28 aliyekufa na Covid baada ya kufanya kazi miezi bila mshahara. Nchi nzima ilikasirika wiki mbili. Mimi sitaki tena hasira ya wiki mbili, nataka kitabu cha ajali kwa kila zahanati, kimefungwa na kamba kwa meza kama ile kalamu ya benki.

Na nyinyi wa mabegi ya mgongoni, sijawasahau, naona mmekuja wengi na mmevaa zile jaketi. Tarehe 25 Septemba 2023, Uhuru Park, wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa, mkapewa begi lenye mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, na simu ya kuandikia ripoti. Mkaahidiwa 5,000 kwa mwezi, nusu 2,500 kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Na mwezi uliofuata sheria ya afya ya msingi ikasainiwa, ikawatambua kwa jina. Sio tena watu wa kujitolea wa kupewa soda na fulana.

Jana nililala kwa mama mmoja wenu. Amenionyesha simu. Meseji ya 2,500 ya Nairobi imeingia, imechelewa lakini imeingia. Ya kaunti, tukashuka na kidole, tukashuka, tukashuka, tukafika mwaka uliopita. Na ripoti zake zote zimetumwa, nyumba karibu 100, kwa bando alinunua mwenyewe, ile ya shilingi 20. Nikamwambia mama, umeandika mahali miezi ambayo haijaingia? Akasema mambo mengine yako kwa kichwa. Nikampatia kalamu. Tulikaa mpaka saa tano usiku, taa ya sola ikizima tukiwasha mshumaa, tukaandika kila mwezi na namba ya meseji kwa daftari la mtoto wa gredi ya nne, nyuma ya hesabu zake. Leo amekuja nalo. Simameni mumuone. Asante mama, keti.

Kwani naringia nini makaratasi? Nitawaambia. Watu hupenda kusema twende kortini, na sawa, twende, lakini mjue mambo mawili. Dai la kazi likipita miaka 3 korti haiwezi kulisikiza tena, kwa hivyo wewe unayengoja ustaafu ndio ushtaki umeshapoteza. Na ukishinda, mali ya serikali haipigwi mnada. Hakuna auctioneer atakuja kubeba gari la gavana, sheria imezuia, na imeifunika kaunti pia. Utarudi tena korti kuomba amri ya kumlazimisha afisa wa fedha alipe. Hiyo ni miaka. Nimeona watu wakizikwa na hukumu nzuri kabisa ndani ya jeneza.

Njia fupi ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Tulifanya hivi kituo chetu, watu 14. Kila mtu alileta slipu tatu na statement ya NSSF na ya SACCO ya miezi ile ile, tukaweka kando kwa kando, na pale haziongei lugha moja tukaweka alama nyekundu. Halafu tukaandika barua moja, sio ya matusi, tukitumia ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tukauliza kitu kimoja tu: tuonyesheni risiti ya kupeleka makato ya miezi hii. Kwa hiyo sheria wana siku 21. Nakala kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti. Hatukusema mnaiba. Tulisema tuonyesheni risiti. Siku ya 16 yule kijana wa HR alinipigia simu mwenyewe, akaniambia mama, angalia SACCO kesho. Nikaangalia. Miezi mitano ilikuwa imeingia kwa mpigo, na benki pia, ingawa ile faini ya kuchelewa niliilipa mimi, na hiyo bado nawadai. Iko kwa mkebe.

Emsii ananitazama vibaya sasa, na nimemuona akionyesha saa. Haya. Pale mlangoni kuna meza mbili. Ya kwanza iko na wale vijana wawili wa union wana leptop, watakusaidia kutoa statement ya NSSF kwa simu yako, kuja na namba ya kitambulisho. Ya pili ni yangu. Wahudumu wa jamii waanze, manake wengine wanarudi Nyando na matatu ya mwisho haingoji mtu. Waheshimiwa nanyi msiende, kuna daftari nataka mlisome kabla ya chai. Chai iko ya kutosha, mandazi zimehesabiwa, mbili mbili. Na wewe sista wa kitambaa cha buluu, nimekuona umeshika slipu tangu nianze kuongea. Leta hapa. Ni ya mwezi gani?